Gary Gygax: Fundi Viatu Aliyewafundisha Watu Kucheza Hadithi

Ijumaa usiku hosteli. Bumu halijaingia, na watu watano tumejipanga kitandani na sakafuni tukibishana kama mlango wa chuma unaweza kuvunjwa na mtu mwenye njaa. Mlango wenyewe haupo. Upo kwenye daftari la mwenzetu mmoja ambaye ndiye msimamizi wa mchezo. Dadu hatuna, kwa hiyo tumekata vikaratasi 20, tumeviandika namba 1 mpaka 20 na kuvitia kwenye kofia. Unatumbukiza mkono, unatoa 17, mlango unavunjika, watu wanapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta.

Kwa wasioujua, mchezo huu unaitwa Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa mezani ambao hauna ubao wa lazima wala mshindi. Kila mchezaji anakuwa mhusika mmoja: mpiganaji, mchawi, mwizi, mtu wa ibada. Msimamizi anaeleza mnachokiona, ninyi mnasema mnafanya nini, na pale ambapo hakuna anayejua kama jambo litafanikiwa, dadu inaamua. Sisi wengi tumekulia ngano. Bibi akisema paukwa, tunajibu pakawa, halafu tunakaa kimya tusikie sungura kamfanyia nini fisi. Sasa fikiria ungeweza kumkatiza bibi na kusema: mimi ndiye fisi, na leo sidanganyiki. Bibi naye akakujibu: haya, tutaona. Huo ndio mchezo.

Aliyeuandika na kuusambaza aliitwa Gary Gygax. Nimeamua kueleza maisha yake hapa kwa sababu wengi wetu tunaujua mchezo na hatumjui mtu, na kwa sababu maisha yake yanamhusu mwanachuo yeyote anayelala akiwaza ajira.

Ernest Gary Gygax alizaliwa tarehe 27 Julai 1938 mjini Chicago, Marekani. Baba yake, Ernst, alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi na mpiga fidla aliyewahi kupigia okestra kubwa ya mji huo, Chicago Symphony. Usiku mzee alikuwa akimsimulia mwanawe hadithi za wachawi na mashujaa. Mama alikuwa mtu wa Lake Geneva, mji mdogo kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1946, baada ya Gary kuingia kwenye ugomvi wa magenge ya watoto wa mtaani, baba aliona jiji litamharibia mtoto. Familia ikahamia Lake Geneva, na huko ndiko Gary alikokulia.

Shuleni hakuwa mtoto wa kupigiwa mfano. Siyo kwamba hakusoma. Alisoma mno, ila siyo vile alivyopewa darasani. Alipenda riwaya za ajabu, zile za Robert E. Howard na Conan wake, za Jack Vance na Fritz Leiber. Alicheza karata na sataranji tangu akiwa mdogo sana. Baba yake alipofariki mwaka 1956, Gary aliacha shule ya sekondari bila kumaliza. Alijiunga na jeshi la Marines, akarudishwa nyumbani baada ya muda mfupi kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu. Akapata kazi ya ukarani kwenye kampuni ya bima, akaoa mwaka 1958, na baadaye akapanda cheo akawa mtu wa kukadiria hatari: huyu mteja ana uwezekano gani wa kupata ajali, huyu atozwe kiasi gani. Wengine wataona ni kazi ya kuchosha. Mimi naona ndiyo iliyomfundisha kuweka bahati kwenye majedwali, na majedwali ndiyo yamejaa kwenye vitabu vyake.

Mwaka huohuo wa 1958 alikutana na mchezo wa vita wa mezani uitwao Gettysburg, akanasa. Kila jioni yuko kwa marafiki. Mkewe, akiwa mjamzito wa mtoto wa pili, alianza kuhisi kuna mwanamke mwingine, akamfuatilia. Alimkuta kwenye chumba cha chini cha nyumba ya rafiki, amezungukwa na wanaume wazima, wote wameinamia ramani.

Mwaka 1967 aliwaalika nyumbani kwake wapenzi wa michezo hiyo, kama watu 20. Mwaka uliofuata akakodi ukumbi wa Horticultural Hall hapo Lake Geneva kwa dola 50 na kufanya mkutano rasmi. Mkutano huo ukaitwa Gen Con. Upo hadi leo, unafanyika Indianapolis, na siku hizi unavuta maelfu kwa maelfu ya watu kila mwaka. Ulianza na mtu mmoja aliyeogopa hata kama atarudisha ile dola 50.

Halafu mwaka 1970 akafukuzwa kazi. Ana miaka 32, ana mke na watoto, hana cheti cha sekondari. Alichofanya ni kuwa fundi viatu. Aliweka mashine kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, mchana anashona soli, usiku anaandika kanuni za michezo. Fedha haikutosha na familia iliishi kwa kubanabana. Tukisimuliana habari za watu waliofanikiwa huwa tunakiruka kipindi hiki haraka ili tufike kwenye utajiri. Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu kazi yote iliyompa jina ilifanyika miaka hii ya viatu.

Mwaka 1971 yeye na Jeff Perren walitoa kijitabu cha kanuni za vita vya zama za kati, Chainmail. Nyuma yake Gygax aliongeza sehemu ya majoka, majitu na uchawi. Wapo wapenzi wa vita halisi waliokunja uso. Lakini kule Minnesota kijana mmoja, Dave Arneson, alikichukua kijitabu hicho akakipeleka mbali zaidi. Arneson na wenzake walikuwa tayari wanacheza mchezo wa David Wesely ambamo kila mtu anasimama kama mtu mmoja, siyo kama jeshi zima. Arneson akaunda eneo la kubuni aliloliita Blackmoor, lenye ngome na mashimo chini yake. Wachezaji wakashuka kwenye mashimo hayo, wakapata hazina na uzoefu, na juma lililofuata wakarudi na wahusika walewale. Hapo ndipo penye kiini cha mchezo.

Mwishoni mwa mwaka 1972 Arneson alikwenda Lake Geneva na kumchezesha Gygax. Gygax hakulala. Ndani ya wiki chache aliandika rasimu ya kurasa kama 50, akachora ngome yake mwenyewe, Greyhawk, na kuwaita wanawe wawili wakubwa, Ernie na Elise, wawe wa kwanza kuijaribu.

Wale watoto walishuka kwenye shimo, wakapambana na wadudu wakubwa, mwishowe wakakuta sanduku lenye sarafu 3,000 za shaba. Sarafu zilikuwa nzito kuliko walivyoweza kubeba.

Mimi nasoma elimu, na kisa hiki nimekifikiria kuliko kingine chochote katika maisha ya huyu mtu. Angeweza kuwapa dhahabu, wakafurahi, wakalala. Aliwapa zawadi yenye swali ndani yake. Tubebe ngapi? Tuache nini? Turudi kesho, au mwingine atatuwahi? Hakuwajibia. Kesho yake watoto walitaka kurudi, na watu wazima wa jirani, akiwemo rafiki yake wa utotoni Don Kaye, wakataka kuingia pia. Haukupita muda mrefu, meza yake ikawa na foleni.

Na hizi dadu za pande nyingi mnazoziona kwenye picha, hazikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Gygax alizikuta kwenye katalogi ya vifaa vya shule, zikiuzwa kwa walimu wa hisabati. Yaani kitu kilichokuwa kwenye kabati la zana za kufundishia ndicho kilichokuja kuwa alama ya mchezo dunia nzima. Wenzangu wa kitivo, tukiambiwa tutengeneze zana tusinung'unike sana.

Makampuni hayakuutaka mchezo. Mwezi Oktoba 1973 Gygax na Don Kaye wakaanzisha kampuni yao, Tactical Studies Rules, kila mmoja kwa dola 1,000. Kwa kuwa hela haikutosha kuchapa, Brian Blume akaingia kama mbia wa tatu na dola 2,000. Mwezi Januari 1974 Dungeons & Dragons ikatoka: vijitabu vitatu ndani ya boksi, dola 10, nakala 1,000, mabosi wenyewe wakikunja na kubandika kwa mikono. Kwenye jalada kulikuwa na majina mawili, Gygax na Arneson. Nakala zote ziliisha ndani ya mwaka mmoja hivi.

Kutoka hapo mambo yanapanda na kuharibika kwa wakati mmoja.

Mwezi Januari 1975 Don Kaye alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 36. Hisa zake zilipaswa kununuliwa, na Gygax hakuwa na fedha. Familia ya Blume ilikuwa nazo. Hivyo mtu aliyeanzisha kampuni akabaki na sehemu ndogo kuliko wabia wake, na kwa kuwa biashara ilikuwa inakua na wote ni marafiki, hakuna aliyeona ubaya. Wahenga wameshasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lake lilikuwepo, ila kilichoandikwa humo hakikuwa upande wake.

Jambo la pili ni Arneson. Alijiunga na kampuni mwaka 1976 na kuondoka kabla mwaka haujaisha. Kati ya mwaka 1977 na 1979 Gygax akaandika toleo kubwa zaidi, Advanced Dungeons & Dragons, likiwa na kitabu cha viumbe, cha wachezaji na cha wasimamizi. Safari hii jina kwenye jalada lilikuwa moja. Arneson akaenda mahakamani mwaka 1979 kudai haki na mrabaha wake, na mwaka 1981 wakamalizana kwa makubaliano.

Nani ana haki? Tumefanya kazi za vikundi sote hapa. Yupo anayeleta wazo saa saba usiku, na yupo anayekaa wiki mbili kuliandika mpaka likaeleweka. Bila Arneson, Gygax angebaki na kijitabu cha vita. Bila Gygax, Blackmoor ingebaki sebuleni Minnesota na sisi tusingeisikia. Mgala muue na haki umpe: kuandika na kueneza ilikuwa kazi ya Gygax, na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini kuondoa jina la mwenzako kwenye jalada ni jambo linaloacha doa, hata kama wanasheria wana maelezo yake. Mimi simpambi.

Jambo la tatu lilitoka nje. Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 wa Chuo Kikuu cha Michigan State alitoweka. Magazeti yakaandika kuwa amepotelea kwenye mahandaki ya chuo akicheza mchezo huu. Alipatikana hai wiki kadhaa baadaye, na ikajulikana kwamba mchezo haukuwa chanzo. Alikuwa kijana mdogo mno kwa chuo, mwenye upweke na shinikizo la masomo. Mwaka uliofuata alifariki. Lakini uvumi ulishapata miguu. Miaka ya 1980 vikundi vya wazazi na wahubiri vilisema mchezo unafundisha uchawi na kuua watoto. Gygax alipokea vitisho hadi akaajiri mlinzi, na mwaka 1985 alikwenda kujitetea kwenye kipindi cha televisheni cha 60 Minutes. Ajabu ni kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa dini; kwa miaka mingi yeye na familia yake walikuwa Mashahidi wa Yehova.

Kinachoniuma kwenye kisa cha yule mwanafunzi ni kwamba kila mtu alibishana kuhusu mchezo, na wachache waliuliza kwa nini mtoto wa miaka 16 alikuwa peke yake namna ile. Hapa chuoni pia tunajua kutafuta kitu cha kulaumu. Mwenzetu akididimia tunasema ni pombe, ni simu, ni mapenzi. Kugonga mlango wa chumba chake na kumuuliza umekula, hiyo inakuwa ngumu.

Miaka hiyohiyo Gygax alipelekwa Hollywood kusimamia upande wa burudani. Katuni ya mchezo ilionyeshwa na CBS kuanzia mwaka 1983 hadi 1985, na yeye akaishi maisha ya kifahari. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Huku nyuma kampuni ilikuwa inazama kwenye madeni. Alirudi, akapigana, na mwaka 1985 akapata usukani kwa muda mfupi. Kabla mwaka haujaisha, ndugu wa Blume wakauza hisa zao kwa Lorraine Williams, meneja ambaye Gygax mwenyewe alikuwa amemleta. Alikwenda mahakamani akashindwa. Mwaka 1986 akatoka kwenye kampuni aliyoianzisha kwa dola 1,000, akiacha nyuma jina la mchezo na ulimwengu wa Greyhawk. Asingeruhusiwa tena kuandika habari za ngome aliyoichora kwa ajili ya watoto wake.

Hakukaa kimya. Aliandika riwaya na michezo mingine, mingine ikazua kesi, hakuna hata mmoja uliofika nusu ya ule wa kwanza. Alioa tena mwaka 1987. Mwaka 1997 kampuni yake ya zamani ikanunuliwa na Wizards of the Coast, na waliokuja walimpa heshima yake. Mwaka 2004 alipata kiharusi. Hata baada ya hapo aliendelea kukaribisha watu kucheza nyumbani kwake, Lake Geneva, akiwa msimamizi kama zamani. Alifariki tarehe 4 Machi 2008, akiwa na miaka 69. Siku ya mazishi waombolezaji walitoa dadu wakacheza. Arneson alimfuata mwaka 2009, baada ya kufundisha ubunifu wa michezo katika Chuo Kikuu cha Full Sail, Florida. Wa wawili hao, yeye ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa chuo.

Sasa, kwa anayetaka kusimamia meza yake mwenyewe hapa hosteli, maisha ya Gygax yana mafunzo ya kazi, siyo ya kupamba ukuta.

Anza na shimo moja. Greyhawk ilikuja kuwa na ngazi nyingi chini ya ardhi, lakini siku ya kwanza ilikuwa vyumba vichache na watoto wawili. Msimamizi anayeandika historia ya falme saba kabla ya kikao cha kwanza atachoka kabla wachezaji hawajaja.

Wape mzigo wa sarafu za shaba. Kila kikao kiwe na jambo moja ambalo wachezaji lazima wachague na lisilo na jibu sahihi moja. Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kueleza, muulize mwalimu yeyote.

Tunza daftari la muda. Gygax alilisisitiza sana hili kwenye kitabu chake cha wasimamizi cha mwaka 1979. Siku ngapi zimepita? Nani amejeruhiwa na bado anauguza? Usipoandika, maamuzi ya wachezaji hayana gharama, na maamuzi yasiyo na gharama hayana utamu.

Dadu itumike pale penye shaka tu. Mtu akitaka kufungua mlango ambao haujafungwa, afungue.

Kuhusu kanuni, Gygax mwenyewe alikuwa na ndimi mbili. Mwaka 1974 aliwahimiza watu wabuni ya kwao. Miaka mitano baadaye, kampuni ikiwa kubwa na mashindano yameanza, alitaka wote wafuate kitabu. Mimi nafuata Gygax wa viatu.

Na gharama isiwe kisingizio. Mwezi Januari 2023, baada ya wachezaji kupinga vikali mpango wa kubana leseni, wenye mchezo waliziachia kanuni zake za msingi zitumiwe na yeyote bure, kihalali. Pakua kwenye simu, kata vikaratasi 20, tafuta kofia.

Semista hii naenda mazoezi ya kufundisha. Sijui nitapangiwa darasa la watu wangapi, na sina mpango wa kuingia na majoka kwenye Kidato cha Pili. Ila nimeandika kwenye andalio langu la kwanza kipengele kimoja ambacho msimamizi wangu huenda atakikata kwa kalamu nyekundu: dakika tano za swali ambalo sitalijibu.

Ijumaa hii tunaendelea. Mlango wa chuma tumeshauvunja, na nyuma yake kuna ngazi inayoshuka gizani. Mpiganaji wetu ana sapu, hatakuwepo, kwa hiyo nafasi ya mtu mmoja ipo. Njoo na kalamu.